Baruti ya Zamani: Muda Wake wa Matumizi, Uhifadhi na Hatari Zake

Katika Kiswahili, neno baruti hubeba vitu vitatu kwa pamoja. Ni unga mweusi unaoshindiliwa katika mtutu wa gobore. Ni punje ndogo zilizomo ndani ya risasi za kisasa. Na ni vilipuzi vinavyopasua miamba migodini na katika machimbo ya kokoto. Kwa mazungumzo ya kila siku, neno hilo moja linatosha. Kwa anayehifadhi vitu hivyo, au anayevikuta katika sanduku la marehemu, halitoshi, kwa sababu kila kimoja huzeeka kwa namna yake.

Baruti nyeusi ya gobore karibu haizeeki kabisa. Baruti ya risasi za kisasa huoza taratibu ndani kwa ndani hata ikiwa haijaguswa. Baadhi ya vilipuzi vya migodini, hususan baruti za fimbo zenye nitrogliserini, vikikaa sana hutoka mafuta mithili ya jasho, na mafuta hayo yanaweza kulipuka kwa mtikisiko mdogo. Kutotofautisha mambo haya huzaa makosa mawili. La kwanza ni kudhani kuwa kila baruti kongwe imekufa. La pili ni kudhani kuwa baruti iliyokaa salama kwa miaka mingi itaendelea kuwa salama.

Makala haya yanaeleza namna baruti ya risasi inavyozeeka, inavyohifadhiwa, dalili za kuharibika kwake, na wajibu wa mwananchi anayeikuta.

Baruti nyeusi: haina tarehe ya mwisho

Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura, mkaa na salfa. Ndiyo iliyotawala vita na uwindaji duniani hadi mwishoni mwa karne ya 19. Katika pwani ya Afrika Mashariki ililetwa kwa mapipa na wafanyabiashara wa Ulaya na Marekani waliofika Zanzibar, ikapanda bara pamoja na magobore. Wapiganaji wa Vita vya Majimaji, kati ya mwaka 1905 na 1907, waliitumia dhidi ya Wajerumani, na hadi leo magobore bado hukutwa vijijini.

Vitu vitatu vinavyoiunda ni vitulivu kikemikali. Shura haiozi, mkaa hauozi, na salfa haiozi. Adui yake mkubwa ni unyevu. Ikilowa, shura huyeyuka na kuhama kutoka katika punje, na inapokauka tena mchanganyiko haubaki sawa, hivyo nguvu yake hupungua au huwa haitabiriki. Hata hivyo, kupungua kwa nguvu si kuondoka kwa hatari. Baruti nyeusi iliyolowa na kukauka bado huwaka, na ikiwa imebanwa ndani ya chombo, hulipuka.

Mifano ya jambo hili ni mingi. Januari 2013, mafundi waliokuwa wakisafisha mzinga wa kale katika bustani ya Central Park jijini New York waligundua kuwa ulikuwa bado umeshindiliwa takriban gramu 800 za baruti pamoja na tufe lake. Mzinga huo ulitoka katika meli ya kivita ya Uingereza iliyozama mwaka 1780. Polisi walilazimika kuita wataalamu wa mabomu. Mwaka 2008, katika jimbo la Virginia, mkusanyaji wa vitu vya kale aliuawa na kombora la Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani vya mwaka 1861 hadi 1865 alipokuwa akilisafisha. Baruti iliyokuwemo ilikuwa na umri unaokaribia karne moja na nusu.

Baruti nyeusi ina hatari nyingine: huwaka kwa urahisi mno. Cheche ya chuma, moto wa sigara, msuguano au umeme tuli wa nguo huweza kuiwasha. Kwa sababu hiyo, katika mpangilio wa kimataifa wa bidhaa hatari imewekwa katika kundi la vitu vinavyoweza kulipuka vyote kwa mkupuo mmoja. Nyingi kati ya baruti za kisasa zimewekwa katika kundi la chini yake, ambalo hatari yake kuu ni moto mkubwa.

Baruti isiyotoa moshi: inavyooza

Mwaka 1884 mkemia wa Ufaransa, Paul Vieille, alitengeneza baruti iliyotokana na nitroselulosi, yaani nyuzi za pamba au mbao zilizochanganywa na tindikali ya nitriki. Baruti hiyo ilikuwa na nguvu kubwa kuliko ile nyeusi na haikutoa wingu la moshi lililofichua mahali alipo mpigaji. Miaka michache baadaye Alfred Nobel na wakemia wa Uingereza walitengeneza aina zilizochanganya nitroselulosi na nitrogliserini. Risasi za bunduki zinazotumika leo zimetokana na uvumbuzi huo.

Tatizo la nitroselulosi lilijulikana kabla ya Vieille. Mkemia Christian Schönbein alitangaza ugunduzi wake mwaka 1846. Mwaka uliofuata, mwezi Julai, kiwanda kilichokuwa kikiitengeneza mjini Faversham, Uingereza, kililipuka na kuua takriban watu 20. Ilibainika baadaye kuwa mabaki ya tindikali katika nyuzi yalichangia kuifanya isiwe tulivu. Katika miaka ya 1860, Frederick Abel wa Uingereza alionyesha namna ya kuisaga na kuiosha hadi mabaki hayo yatoke.

Hata ikioshwa vizuri, nitroselulosi haitulii kabisa. Viungo vya nitrojeni vilivyoshikamana nayo hukatika kimoja kimoja katika joto la kawaida la chumba. Kila kinapokatika hutoa gesi yenye rangi ya kahawia, na gesi hiyo ikikutana na unyevu hugeuka tindikali. Tindikali nayo huharakisha kukatika kwa viungo vingine. Mambo yakiachwa hivyo, kuoza huzaa kuoza zaidi, na kila hatua hutoa joto. Katika kopo dogo joto hilo hupotea hewani. Katika rundo kubwa hubaki katikati, likaongezeka hadi baruti ikajiwasha yenyewe bila kiberiti wala cheche.

Ili kuzuia hali hiyo, watengenezaji huongeza kemikali ya kutuliza, hasa difenilamini, ambayo huikamata gesi hiyo kabla haijaleta madhara. Kiasi chake huwa kidogo, takriban asilimia 1 ya uzito wa baruti. Kadiri miaka inavyopita, kemikali hiyo hutumika na kupungua. Ikiisha, ulinzi umeisha, ingawa kwa macho baruti inaweza kuonekana vilevile kama siku ilipotoka kiwandani.

Kwa hiyo, swali la baruti hudumu miaka mingapi halina jibu la tarakimu moja. Baruti iliyotengenezwa vizuri na kuwekwa mahali pa baridi na pakavu hudumu kwa miongo kadhaa. Baruti hiyohiyo ikiwekwa penye joto kali huweza kuharibika katika sehemu ndogo ya muda huo. Umri wake halisi ni jumla ya joto ililolipata, wala si idadi ya miaka iliyoandikwa kwenye kopo pekee.

Joto ndilo linaloamua

Kwa kadirio linalotumika katika kemia, kila nyuzi joto 10 za Selsiasi zinapoongezeka, kasi ya kuoza huongezeka mara mbili au zaidi. Maana yake ni kwamba stoo yenye nyuzi joto 50 huizeesha baruti walau mara nne ya stoo yenye nyuzi joto 30. Kilichotarajiwa kudumu miaka 40 kinaweza kudumu miaka 10 au pungufu.

Kadirio hilo lina uzito wa pekee katika ukanda wa joto. Mchana wa jua kali, joto chini ya paa la mabati lisilo na dari, ndani ya kontena la chuma au katika gari lililofungwa vioo hupita kwa mbali joto la hewa ya nje. Mwongozo ulioandikwa kwa ajili ya ghala la Ulaya ya Kaskazini hauwezi kuhamishwa ulivyo hadi Dar es Salaam, Mombasa au Tanga bila kuzingatia tofauti hiyo.

Unyevu ni adui wa pili. Huharakisha kutokea kwa tindikali, hutia kutu makopo na maganda ya risasi, na hubadili kasi ya kuwaka kwa baruti. Mwanga wa jua wa moja kwa moja nao huidhuru, ndiyo maana makopo yake huwa hayapitishi mwanga.

Majeshi yanavyopima umri wa baruti

Kwa kuwa macho hayatoshi, majeshi yenye utaratibu mzuri hupima. Kila fungu la uzalishaji hupewa namba, na sampuli yake huhifadhiwa maabara. Jeshi la Marekani kwa miaka mingi limekuwa likiweka sampuli katika tanuri lenye nyuzi joto 65.5 na kusubiri moshi wa kahawia utokee. Sampuli inayotoa moshi mapema huashiria kuwa fungu zima lililoko maghalani limekaribia mwisho.

Njia ya pili ni kupima kiasi cha kemikali ya kutuliza kilichobaki. Kwa vigezo vya Marekani, baruti ambayo kemikali hiyo imeshuka chini ya asilimia 0.2 huhesabiwa kuwa hatari na huamriwa kuteketezwa bila kuchelewa. Vipimo hivi havina maana iwapo namba ya fungu imepotea. Kopo lisilo na maandishi haliwezi kuhusishwa na sampuli yoyote, na kwa sababu hiyo wataalamu hulihesabu kuwa la kuteketezwa.

Umoja wa Mataifa ulitoa mwaka 2011 Miongozo ya Kimataifa ya Kiufundi kuhusu Risasi na Mabomu, ambayo pamoja na mambo mengine inazitaka nchi kupima baruti zake mara kwa mara, kutenganisha aina zisizopatana, na kuweka umbali wa usalama kati ya maghala na makazi. Desemba 2023, Baraza Kuu la Umoja huo lilipitisha mfumo wa kimataifa unaohusu usimamizi wa risasi na mabomu ya kawaida tangu kutengenezwa hadi kuteketezwa.

Toulon, Cyprus na Louisiana: mafunzo matatu

Gharama ya kupuuza uzee wa baruti ilionekana mapema nchini Ufaransa. Machi 12, 1907, meli ya kivita Iéna ililipuka ikiwa kwenye chelezo katika bandari ya Toulon, na takriban watu 120 walikufa. Septemba 25, 1911, meli nyingine, Liberté, ililipuka katika bandari hiyohiyo na kuua mamia. Katika matukio yote mawili lawama iliangukia baruti ya Vieille iliyokuwa imeoza ndani ya stoo za meli. Baada ya hapo Ufaransa iliachana na pombe ya amili iliyokuwa ikitumika kuituliza baruti hiyo, ikahamia difenilamini.

Karne moja baadaye, kosa la aina hiyo lilijirudia Cyprus. Mwaka 2009 mamlaka za nchi hiyo zilikamata shehena ya meli Monchegorsk, yakiwemo makontena 98 yenye baruti na vifaa vingine vya kijeshi. Makontena hayo yalipangwa nje, juani, katika kambi ya jeshi la wanamaji iliyoko Mari, na kuachwa hapo kwa zaidi ya miaka miwili. Mwanzoni mwa Julai 2011 ilibainika kuwa kontena moja lilikuwa limevimba. Alfajiri ya Julai 11 moto ulianza, na muda mfupi baadaye shehena ililipuka. Watu 13 waliuawa, wakiwemo wanamaji na askari wa zimamoto. Kituo cha umeme cha Vasilikos kilichokuwa jirani, kilichozalisha takriban nusu ya umeme wa kisiwa hicho, kiliharibiwa vibaya, na nchi ikaingia katika mgawo wa umeme wakati wa kiangazi.

Mfano wa tatu unahusu baruti iliyokusudiwa kutumika tena. Katika eneo la Camp Minden, jimbo la Louisiana nchini Marekani, kampuni binafsi ilikuwa na mkataba wa kutenganisha na kuuza tena baruti ya mizinga iliyoondolewa jeshini. Soko halikuendana na kiasi kilichopokelewa. Oktoba 15, 2012, ghala moja lililipuka na kuvunja vioo vya nyumba mjini Minden. Hakuna aliyekufa, lakini uchunguzi uliofuata ulikuta takriban tani 7,000 za baruti, nyingine zikiwa katika maboksi na mapipa yaliyoachwa nje. Mwaka 2015 wakazi walipinga mpango wa kuichoma hewani wakihofia afya zao. Hatimaye iliteketezwa katika tanuri maalumu lililofungwa, kazi iliyofanyika kati ya mwaka 2016 na 2017.

Matukio haya matatu yanatofautiana kwa mahali na kwa wakati, lakini yana jambo moja linalofanana. Baruti ilikuwa kimya kwa miezi au miaka, na ukimya huo ulichukuliwa kuwa ni usalama.

Uhifadhi kwa wanaojaza upya risasi

Katika nchi kama Marekani, na miongoni mwa walenga shabaha wa Ulaya na Afrika Kusini, ni kawaida kwa mmiliki halali wa bunduki kuokota maganda yaliyotumika, kuyawekea fataki mpya, baruti na kichwa, na kuyatumia tena. Kazi hiyo imewafanya watu wengi kuwa na makopo ya baruti majumbani, na ndiyo iliyozaa miongozo ya uhifadhi inayonukuliwa zaidi duniani. Misingi yake ni hii ifuatayo.

Kwanza, baruti hubaki katika kopo lake la asili. Kopo hilo limetengenezwa lipasuke kwa shinikizo dogo, ili moto ukitokea baruti iwake tu badala ya kulipuka. Chupa ya kioo, bomba la chuma au kasiki isiyopitisha hewa hufanya kinyume, kwani hubana gesi na kuugeuza moto kuwa mlipuko. Aidha, kopo la asili ndilo lenye jina la baruti na namba ya fungu.

Pili, kiasi huwekewa ukomo. Kwa viwango vya Marekani vya kuzuia moto, baruti isiyotoa moshi isiyozidi takriban kilo 9 huruhusiwa nyumbani katika makopo yake ya asili. Ikizidi hapo hadi takriban kilo 22.7, hutakiwa kuwekwa katika kabati la mbao lenye kuta za unene wa walau sentimita 2.5. Mbao huchelewesha joto la moto wa nje kuifikia baruti, na wakati huohuo haibani gesi kama chuma.

Tatu, aina hazichanganywi. Punje za baruti mbili zinaweza kufanana kwa rangi na umbo huku moja ikiwaka kwa kasi kubwa kuliko nyingine. Kumimina mabaki ya makopo mawili katika kopo moja, au kutumia baruti isiyojulikana kwa kuitazama tu, ni njia fupi ya kupasua mtutu usoni mwa mpigaji. Baruti na fataki nazo huwekwa mbalimbali.

Nne, baruti haiachwi katika mashine ya kujazia. Nitrogliserini iliyomo katika baadhi ya baruti hula plastiki ya chombo cha mashine, na baruti iliyoachwa wazi hufyonza unyevu na kupoteza utambulisho wake.

Tano, mahali pa kuhifadhia pawe baridi, pakavu, mbali na jiko, injini, mitungi ya gesi, petroli na viyeyusho, na pafungwe ili watoto na wasiohusika wasifike. Tarehe ya kununuliwa na ya kufunguliwa huandikwa kwenye kopo, na la zamani hutumika kabla ya jipya.

Dalili za kuharibika

Baruti nzima isiyotoa moshi huwa na harufu hafifu ya viyeyusho vilivyotumika kuitengeneza. Iliyoharibika hutoa harufu kali ya tindikali inayochoma pua. Hujitokeza vumbi jekundu mithili ya kutu juu ya punje, na kopo la bati huanza kushika kutu kwa ndani. Punje hugandamana au hunata. Katika hatua mbaya zaidi, kopo hupata joto au huvimba, na likifunguliwa hutoa moshi wa kahawia.

Kutoonekana kwa dalili hizo si uthibitisho wa usalama. Dalili hutokea baada ya kemikali ya kutuliza kuisha, si kabla yake. Kwa sababu hiyo, baruti ya miaka mingi isiyojulikana ilihifadhiwa wapi huhesabiwa kuwa mbovu hata kama inanukia vizuri.

Katika risasi iliyokamilika, dalili huonekana kwenye ganda. Ukungu wa kijani, nyufa shingoni mwa ganda, kichwa kinacholegea, au madoa karibu na fataki huashiria kuwa kilichomo ndani kimeanza kuoza au unyevu umeingia. Risasi ya aina hiyo inaweza kuchelewa kulia, na ndiyo maana mpigaji ambaye risasi yake haikulia hufundishwa kuelekeza mtutu upande salama na kusubiri walau sekunde 30 hadi 60 kabla ya kufungua bunduki. Inaweza pia kulia kwa nguvu hafifu na kuacha kichwa kimekwama mtutuni, na risasi inayofuata ikaupasua mtutu huo. Vilevile, baruti iliyooza si lazima ipungue nguvu. Tabaka la juu la punje linalodhibiti kasi ya kuwaka likiharibika, shinikizo linaweza kupanda kuliko ilivyokusudiwa.

Afrika Mashariki: umbali, sheria na wajibu

Wakazi wa Dar es Salaam hawahitaji mifano ya mbali kuelewa uzito wa maghala ya mabomu. Aprili 29, 2009, mabomu yalilipuka katika kambi ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania iliyopo Mbagala, na watu zaidi ya 20 walipoteza maisha. Februari 16, 2011, milipuko ikatokea katika kambi ya Gongo la Mboto. Watu wengine wasiopungua 20 walikufa, mamia walijeruhiwa, na maelfu walihama nyumba zao usiku, wakiwemo watoto waliopotezana na wazazi wao. Matukio hayo mawili yaliweka wazi umuhimu wa umbali kati ya maghala na makazi katika jiji linalokua kwa kasi, kwa kuwa nyumba hufuata barabara hadi kwenye uzio wa kambi zilizojengwa wakati eneo lilikuwa pori.

Katika ngazi ya kanda, Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu silaha ndogo na nyepesi inazitaka nchi wanachama kusimamia kwa usalama akiba zao za silaha na risasi na kuteketeza zilizozidi au zilizochakaa. Utekelezaji wake unaratibiwa na kituo cha kikanda cha RECSA chenye makao yake Nairobi.

Ndani ya Tanzania, umiliki wa bunduki na risasi husimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, ambayo chini yake mtu haruhusiwi kutengeneza risasi bila leseni. Baruti za migodini na machimbo zina sheria yake, Sheria ya Baruti, na vibali vya kuziingiza, kuzihifadhi na kuzitumia hupitia mamlaka za sekta ya madini. Hivyo, kujaza risasi upya nyumbani, jambo la kawaida katika nchi nyingine, si jambo ambalo mwananchi anaweza kulianza kwa hiari yake.

Hatari iliyo karibu zaidi na wananchi wengi ni urithi. Mzee aliyekuwa na gobore, mwindaji mstaafu, au mlinzi wa shamba huweza kufariki na kuacha sandukuni pembe la baruti, mkebe wa fataki na risasi zilizoshika ukungu. Warithi hukuta vitu hivyo wakati wa kugawa mali, pengine miaka mingi baada ya kusahaulika darini chini ya mabati.

Nini kifanyike

Anayekuta baruti, risasi au bomu la zamani anashauriwa kuzingatia yafuatayo:

Asiiguse, asiifungue, asiitikise wala kuisafisha. Kifuniko cha kopo la zamani kinaweza kuwa na unga katika nyuzi zake, na msuguano wa kukifungua unatosha kuuwasha.

Awaondoe watu, hasa watoto, na azime moto, sigara na majiko yaliyo karibu.

Atoe taarifa kwa kituo cha polisi kilicho karibu, kwa serikali ya mtaa au kijiji, au kwa namba ya dharura 112. Asibebe kitu hicho kwa pikipiki, bodaboda au daladala kukipeleka kituoni. Wataalamu ndio wanaopaswa kukifuata kilipo.

Asiichome, asiizike, wala asiitupe chooni, mtoni au jalalani. Baruti nyeusi iliyozikwa hubaki na uwezo wake, na isiyotoa moshi ikichomwa ikiwa imebanwa hulipuka.

Moto ukitokea mahali penye baruti, asijaribu kuuzima kwa mchanga au blanketi. Baruti ina oksijeni yake ndani na haihitaji hewa ili iendelee kuwaka. Kinachotakiwa ni kuondoka haraka, kuwazuia wengine wasisogee, na kupiga simu Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa namba 114, huku akiwaarifu askari kuwa kuna baruti ndani.

Serikali kupitia Jeshi la Polisi imekuwa ikitangaza vipindi vya msamaha kwa wanaosalimisha kwa hiari silaha na risasi wanazomiliki kinyume cha sheria. Hata nje ya vipindi hivyo, mrithi anayekuta mali ya marehemu anapaswa kuitolea taarifa mapema badala ya kuificha kwa hofu. Kadiri inavyofichwa ndivyo inavyozidi kukaa katika joto, na joto hilo ndilo linalomaliza muda wake wa usalama.